Muuza laptopu kamtukana baba yangu, na baba kasimama palepale!

Mtoto_wa_Mwalimu
Wakuu, habari za jioni, ingawa yangu mimi imeharibika. Naandika nikiwa kwenye daladala la Mbagala, jirani yangu anachungulia simu. Achungulie tu, na yeye apate somo.

Mnamjua. Yeyote aliyewahi kununua laptopu ya mtumba Kariakoo anamjua. Anakuita "bosi" mpaka hela ihamie mfukoni mwake, ikishahama unakuwa "wewe jamaa". Simtaji, msije mkaniletea kesi.

Nimempeleka mzee, mwalimu mstaafu, chaki imemmaliza mapafu. Anataka mashine ya kuandikia kumbukumbu zake na kuonana na wajukuu wa Mwanza kwa video. Basi! Hataki gemu. Herufi kubwa, sauti inayosikika, ukibonyeza iwake. Jamaa akaanza: mzigo wa Ujerumani bosi, haujaguswa, laki nne na nusu, bei ya kukutupia tu. "Haujaguswa" na kava limechubuka hadi linatia huruma.

Baba kavaa miwani, kaandika kwa kidole kimoja: Nyerere. Kioo kikaandika Nzerere. Akafuta, akaandika tena taratibu kama anayesahihisha mtihani wa darasa la nne. Nzerere! Nikakwangua kitufe kwa ukucha, stika ikabanduka. Juu Y, chini Z! Nikakwangua na kile cha kulia kwa P, nako kuna U yenye vidoti viwili kichwani. Kibodi nzima imebandikwa stika!

Namuuliza muuzaji, bila aibu ananijibu: "Aah bosi, mzee mwenyewe hataona tofauti."

HATAONA TOFAUTI. Mbele ya mzee! Wala hakunong'ona. Duka zima limesikia, wapagazi nje wamesikia, nadhani hadi Kigamboni kivuko kimesikia.

Mods msiunganishe uzi huu na ule wa simu feki. Huu ni wa heshima.

Chumvi_ya_Mawe
Uzi bila picha ya stika haunogi.

Kiroboto Mstaarabu
Huyo namjua vizuri sana. Mimi aliniambia betri inakaa saa sita. Kweli ilikaa saa sita, mezani, haijawashwa.

fundi_bila_leseni
Mkuu pole, ila kelele zote hizo ni za dakika moja. Kibodi ya Kijerumani Y na Z zimebadilishana nafasi. Unaingia kwenye mipangilio ya lugha, unaweka mpangilio wa Kimarekani, stika zinaanza kusema kweli. Hapo hujaibiwa.

Ulipotakiwa kukwangua ni kwenye prosesa, ule ubongo wa mashine. Soma namba baada ya jina lake, i5. Ikiwa i5-6300U, hilo ni toleo la sita, Windows 11 inataka la nane kwenda mbele. Na Windows 10 Microsoft waliacha kuihudumia tarehe 14 Oktoba 2025. Mzee atakuja kuingiliwa na wezi wa mtandaoni wewe bado unalilia vidoti. Hakikisha pia ina SSD, diski ya kasi isiyozunguka, maana ikiwa na diski ile ya kuzunguka, akiiwasha asubuhi ataandika kumbukumbu jioni.

Mtoto_wa_Mwalimu
Fundi, unanifundisha prosesa, mimi nakwambia MBELE YA MZEE. Tena mzee ndiye aliyeiona ile Z kabla yangu! Aliyeambiwa haoni ndiye aliyeona!

Bi Mkubwa wa Tanga
Na baba alisemaje, mwanangu?

Mtoto_wa_Mwalimu
Shikamoo mama. Alivua miwani, akaifuta, akamwambia, "Kijana, hata bei nimeiona." Tukatoka.

Chumvi_ya_Mawe
Hahahaa! Kumbe mzee kashamaliza mechi, wewe unakuja kudai penalti kwenye daladala. Mleteni mzee humu atuandikie, wewe kalale.

Mla_Bando
Kwani lazima laptopu? Mnunulie tableti.

Kiroboto Mstaarabu
Tableti na vidole vya wazee, hapana. Anagusa mara moja, yenyewe inafungua vitu vinne. Babu yangu alimpigia video paroko saa tisa usiku.

Njeri_wa_Mtaa
Sisi huku Nairobi tumezoea, tembea tu Luthuli Avenue, kwa wauza elektroniki, uone. Shosho, yaani bibi yangu, aliuziwa tableti, kuifungua kumbe ni ya watoto. Kila akiiwasha inaimba. Sasa ameizoea, hataki tuirudishe.

fundi_bila_leseni
Chromebook, laptopu ya mfumo wa Google, ingemfaa, nyepesi, haina mambo mengi. Ila nayo angalia tarehe yake ya mwisho ya kupokea masasisho, za mtumba nyingi zinauzwa imeshapita. Akikaa na Windows, ashike kitufe cha Windows na alama ya kujumlisha, kioo kinakuza herufi. Windows na Esc, kinarudi.

Mtoto_wa_Mwalimu
Asante fundi, lakini hebu fikiria ni baba YAKO amesimama pale...

Bi Mkubwa wa Tanga
Mimi wanangu waliniletea televisheni ya kisasa wakaondoka zao. Nikikosea kitufe kimoja, "hakuna mawimbi". Namwita kijana, anabonyeza mara moja, anataka elfu kumi!

Mla_Bando
Elfu kumi kwa kubonyeza! Bi Mkubwa, huyo naye ni wa kufunguliwa uzi.

Kiroboto Mstaarabu
Wa kwetu alipanda juu ya bati, akashuka na dishi. Hadi leo.

Chumvi_ya_Mawe
Hao wa ving'amuzi ndio majambazi halisi. Wa stika ni mtakatifu.

Mtoto_wa_Mwalimu
Jamani, uzi ni wa laptopu!

Mla_Bando
Tulia mkuu. Bi Mkubwa, kwenye rimoti kuna kitufe chenye kimshale kinachoingia kwenye kiboksi, umekiona?

Bi Mkubwa wa Tanga
Zipo rimoti tatu hapa, na taarifa ya habari ya saa mbili inaanza sasa hivi. Ipi?