Kitabu cha Elisi hakitoki

Kikundi: Nyumba ya Bibi, Mkunazini

Salha: Assalaam alaykum jamaani. Nasafisha madaka ya juu. Kuna katoni ya vitabu vya kale, vyengine vishaliwa na mchwa. Ami Seif anasema vipelekwe skuli. Na hiki Elisi katika Nchi ya Ajabu? Jalada halina, kurasa zishakuwa rangi ya halua.

Shangazi Zuwena: Waalaykum salaam. Vyengine toeni. Hicho kiweke mwanangu!

Nassor: Shangazi, miaka sitini na ushei, Elisi wa nini? Si cha watoto kile 😂

Shangazi Zuwena: Kelele wewe. Nimekisoma hata idadi siijui. Kila nikikirudia kinanichekesha pahala pengine, si pale pa mwanzo.

Shangazi Zuwena: Udogoni nilipenda ile karamu ya chai tu. Mshona kofia kagombana na Wakati, Wakati kamsusia, saa imebaki kumi na mbili jioni siku zote. Basi ni chai tu, hata nafasi ya kuosha vikombe hawana, wanahama viti tu. Mwaka huo ndo nilikuwa naanza kufunga. Nikasema yarabi, hawa Magharibi haiwaadhinii, watafuturu lini?

Salha: 😂😂 Lakini Shangazi, si walikuwa wanakunywa chai?

Shangazi Zuwena: Ndo nikazidi kuwahofia!

Ami Seif: Mie nilikidharau mpaka nilipoanza kusomesha hesabu. Huyu Lewis Carroll aliyekitunga, jina lake hasa Charles Dodgson, alikuwa mwalimu wa hesabu Oxford. Elisi anajipima kama bado akili anazo: nne mara tano kumi na mbili, nne mara sita kumi na tatu, halafu analalamika kwa mwendo huo ishirini hatofika. Mtoto anacheka kwa kuwa kakosea. Haya, chukueni kalamu muendelee.

Nassor: Mara saba 14, mara nane 15...

Nassor: Mara kumi na mbili 19

Nassor: Na jedwali linaishia mara 12! Hafiki kweli 😳

Ami Seif: Nimekisoma mara nne kabla sijaliona hilo. Na mwalimu ni mie.

Salha: Mimi kile kitendawili, kunguru kafanana nini na meza ya kuandikia. Nilitafuta jawabu mpaka ukurasa wa mwisho, nikadhani umechanika.

Shangazi Zuwena: Haukuchanika. Mwenye kukitega mwenyewe jawabu hana.

Rahma: Tarehe mmeiona? Sura ya sita Elisi anawaza kuwa mwezi huu ni Mei. Sura ya saba anaulizwa tarehe, anajibu nne. Ukisoma mbiombio huviunganishi. 4 Mei ndo siku aliyozaliwa Alice Liddell, 1852, yule mtoto wa kweli aliyehadithiwa kisa hiki ndani ya mashua Julai 1862. Kitabu kikatoka 1865, na siku yake kafichiwa mule ndani.

Nassor: Ujumbe huu umefutwa

Nassor: Nilitaka kusema nimekisoma. Sijakisoma.

Bibi: 🎤 1:12

Salha: Kwa walioko kazini: Bibi anasema mwisho wa kitabu dada yake Elisi kabaki peke yake, anamuwaza mdogo wake atakapokuwa mtu mzima, kazungukwa na watoto, anawahadithia. Anasema ujanani akiuruka ukurasa ule, hamna paka wala malkia. Siku hizi akitaka kusomewa ndo anaotaka huo huo.

Ami Seif: Mashaallah.

Salha: Nimeufungua. Una alama ya kidole, mafuta. Ya nani hii?

Shangazi Zuwena: Yangu. Nilikuwa nakaanga bajia.

Nassor: Nakuja kukichukua baada ya Isha.

Shangazi Zuwena: Utakisomea hapa hapa barazani. Na mikono uoshe.