Kayumba (shule ya msingi ya serikali) ya jirani, kayumba ya mjini au English medium?

Mama Nasra: Wakuu naombeni ushauri, dogo anaanza la kwanza Januari. Hapa Chamazi shule ya serikali ipo dakika kumi kwa mguu ila nimechungulia darasa moja watoto mia na ushee, wengine wanakaa chini, wengine zamu ya mchana. Baba yake anataka English medium ya mtaani, ada laki tisa bado hela ya basi. Dada yangu anasema kayumba ya Upanga, huko mjini hawajabanana. Nishike lipi?

Baba Wawili: Upanga sahau. Wangu walikuwa wanatoka Gongo la Mboto saa kumi na moja alfajiri, konda akiona sare anapiga gari liondoke, nauli yao mia mbili nani anaitaka. Darasa lilikuwa zuri kweli, ila mtoto anafika anasinzia. Muhula mmoja tu nikawarudisha.

chizi_karoga: kama una koneksheni jaribu Olympio au Diamond, ni za serikali na ni English medium. ila nafasi zake sasa 😂

Ticha Mbagala: Mimi ndo nafundisha hao la kwanza. Mwongozo unasema mwalimu mmoja watoto 45, ninao 130. Kusahihisha madaftari ukifika la themanini mkono umekufa, unatia vema tu. Mtoto mwenye mtu wa kumfuatilia jioni anatoboa, asiye naye anafika la tatu hajui kusoma, na simlaumu. Ila hizo English medium za uchochoroni nazo dada uliza kwanza walimu wanalipwa lini, maana wanabadilika kila muhula.

Mzee wa Kivule: Afu hii elimu bure ya tangu 2016 mbona siioni, hela ya mlinzi, ya mtihani, twisheni mia tano kila siku, piga hesabu ni laki na ushee kwa mwaka. Bado nafuu kuliko laki tisa sikatai. Mi kinachoniuma ni form one, binti yangu la saba kafaulu vizuri tu kwa Kiswahili chake, kufika sekondari kila kitu kingereza, Biology anaikariri kama dua.

Mama Nasra: Asanteni jamani. Ticha samahani, wa kwako wanasoma wapi?

Ticha Mbagala: Wa kwanza English medium. Wa pili kayumba, hela iliishia hapo.