Mrejesho: Zermatt, msosi na usafiri
Asanteni wakuu. Niliuliza namna ya kwenda kuteleza kwenye theluji Zermatt, Uswisi, bila hela yote kuishia kwenye chakula. Majibu yenu yamefanya kazi. Gari linabaki Täsch, kijiji cha jirani, maana magari ya petroli hayaingii mjini; kutoka hapo ni treni, kama dakika 12. Mkate na jibini nunueni supamaketi za Coop au Migros, vikae mfuko wa ndani wa koti, karibu na mwili, la sivyo vinakuwa jiwe. Mrija wa mkoba wa maji huganda upesi: ukishanyonya, puliza maji yarudi ndani. Na kwa asiyetumia kilevi, fondue (jibini iliyoyeyushwa, huliwa kwa kuchovya mkate) hupikwa kwa mvinyo mweupe. Rösti (viazi vilivyokwaruzwa na kukaangwa) nayo mara nyingi huja na nguruwe. Ulizeni kabla ya kuagiza.