Pizza za kuni bustanini: juu inaungua, chini bado nyeupe

Mama Bustani, Usa River
Wakuu, habari za humu. Nina bustani chini ya miparachichi, meza za watu kama thelathini. Fundi kanijengea tanuri la matofali. Moto nauwasha wateja wanapoanza kuingia, kwa kuni za mgrevilea. Pizza inaungua juu, chini haijaiva. Nafungua rasmi Jumamosi, naomba msaada.

Mpishi wa Malindi
Dadangu, sakafu ya tanuri haijashika moto. Miali hupasha kuba upesi, lakini tofali la chini hunywa joto polepole. Washa mapema, moto ukae katikati. Kuba litapiga masizi meusi, halafu masizi yenyewe yataungua na tofali litarudi rangi yake. Hapo sogeza makaa ubavuni, fagia jivu, subiri kidogo. Nyunyiza unga sakafuni: ukiungua papo hapo, ngoja, ukigeuka kahawia taratibu, ingiza pizza.

Napoli, mji wa Italia pizza ilikoanzia, tanuri hufika nyuzi 430 hadi 480 za Selsiasi, pizza hutoka kwa sekunde 60 hadi 90. Hiyo ni pizza nyembamba, haina vitu vingi juu. Sisi wateja wanataka kuku, nyama na jibini tele, kwa hiyo mimi napunguza joto na kuiacha dakika tatu nne. Sioni aibu kabisa, inaiva vizuri zaidi.

Kuni huku pwani nachoma mvinje mkavu. Kwako tafuta mibuni mizee inayong'olewa mashambani, makaa yake yanadumu. Mgrevilea uwe wa kuwashia tu. Mbao zenye rangi au dawa usizikubali hata za bure.

Fundi Matofali
Mama, chini ya sakafu kuna nini? Kama tofali limelalia zege moja kwa moja, joto lote linashuka huko.

Mama Bustani, Usa River
Nimempigia fundi, anasema ni zege tupu. Nibomoe?

Fundi Matofali
Usiguse kuba. Baada ya Jumamosi ng'oa tofali za sakafu tu, tandaza mawe mepesi ya volkano yaliyopondwa, changanya na saruji kidogo, kisha zirudishe. Ukimaliza washa moto mdogo mdogo siku kadhaa, unyevu utoke, la sivyo litapasuka. Na weka paa kabla ya masika.

Mpishi wa Malindi
Jumamosi wageni wakija saa kumi na moja, washa saa saba mchana, zege hilo litakula joto jingi. Kila baada ya pizza mbili tupia kijiti kikavu, miali ilambe kuba. Makaa peke yake hayatoshi kuivisha juu.