Gramu za keki bila mizani: gumzo la jamaa wa Bombo, Uganda

Rehema: Assalaam alaykum nyote. Nimepewa vipimo vya keki ya akika, navyo vimeandikwa kwa gramu: unga wa ngano 300, sukari 200, majarini 125, mayai matatu na maziwa mililita 150. Mizani sina, na muuzaji wa hapa mtaani hupima kila kitu kwa tumpeco, yaani kikombe kikubwa cha plastiki. Naombeni msaada.

Shangazi Zainabu: Wa alaykum salaam, mwanangu. Kwanza kijue kikombe chako. Gawa chupa ya maji ya nusu lita katika bilauri mbili zinazofanana mpaka maji yalingane kimo, kisha mimina bilauri moja kikombeni na utie alama yalipofika. Hapo ndipo penye mililita 250. Sasa unga: uvuruge ndani ya mfuko ulegee, uuteke kwa kijiko na kuumwaga kikombeni bila kuushindilia wala kugonga kikombe mezani, kisha uusawazishe kwenye alama. Ukipimwa hivyo huwa gramu 130 hivi, lakini ukichota kwa kikombe chenyewe na kukandamiza, unaweza kupita 150, keki ikatoka kavu na kupasuka juu, kisha lawama zote apewe mwenye sigiri. Kwa gramu 300, weka vikombe viwili na vijiko vitano vya chakula visivyo na kilima.

Rehema: Ahsante, Shangazi. Je, sukari nayo nifuate hesabu hiyohiyo?

Shangazi Zainabu: La, sukari ni nzito. Kikombe hichohicho hubeba gramu 210 hivi, basi ukishakijaza hadi kwenye alama upunguze kijiko kimoja cha chakula. Majarini nunua kopo la gramu 250 na uchukue nusu yake. Maziwa ni vijiko kumi vya chakula.

Kaka Idi: Samahani, Shangazi, vijiko vya mezani havilingani. Kijiko cha kipimo huchukua mililita 15, na vingi vya majumbani hufurika kabla ya kufika hapo. Rehema akijaribu kwa bomba la dawa ya mtoto la mililita 5, akajaza maji mara tatu, atajua.

Mjomba Ramadhani: Mnajisumbua bure kwa vikombe. Mililita moja ya maji ina uzito wa gramu moja. Tundika henga ya nguo kwenye msumari, uning'inize kavera (mifuko ya plastiki) mbili zinazofanana, moja kila upande. Tia mililita 300 za maji katika moja, na katika nyingine uongeze unga kidogo kidogo mpaka henga ilale sawa.

Shangazi Zainabu: Kwa unga nakubali, kaka yangu, mradi henga iwe haijapinda. Kwa hamira au baking'i pauda usiiguse henga, kwa kuwa haihisi gramu tatu au nne. Huko kijiko cha chai ndicho cha kutegemewa. Rehema, mayai yako ni ya kienyeji?

Rehema: Ndiyo, na ni madogo.

Shangazi Zainabu: Basi vunja manne, kwa maana vipimo vya namna hiyo huhesabu yai la gramu 50 hivi bila ganda. La nne ulipige kwanza, uongeze polepole, na uache kuongeza yai rojo likianza kutiririka upesi kutoka kijikoni.

Rehema: Nimekwisha kutia alama kikombeni kwa kalamu ya wino, nayo imeangukia chini ya ukingo kwa upana wa vidole viwili.

Kaka Idi: Usikioshe kwa sabuni kabla hujamaliza kupima.