Starbucks, Costa, Dunkin', Tim Hortons... nani kahawa yake inaendana na hela unayotoa? Naombeni ushauri

Msafiri_Usingizi:
Habari zenu wakuu, naombeni mnisaidie maana naona kama napigwa. Kazi yangu ni ya kusafiri safiri, wiki hii huku wiki ijayo kule, na kila eapoti unakutana na walewale, Starbucks, Costa, kwingine Dunkin', kwingine Tim Hortons, McCafé ya McDonald's ndo usiseme. Simu imejaa apu za hawa jamaa wote na pointi zimetawanyika kidogo kidogo, hazifiki popote hata kikombe kimoja cha bure sijawahi kupata. Nataka nichague mmoja nitulie naye kama ndoa.

Shida sijui nichague kwa kigezo gani. Mi ni mtu wa late (espreso na maziwa), kikombe kikubwa kuliko vyote, na sirapu ya karameli, na kiukweli nikimaliza nahisi nimekunywa maziwa ya moto tu, usingizi uko palepale. Juzi, brandi siitaji, nimepanga foleni dakika 20 nikapewa kikombe kina jina la mtu mwingine, kimepoa, karameli tupu. Nikanywa hivohivo, ndege ilikuwa inaita.

Ladha, bei na ubora, nyie mnampa nani?

Kijiko_Kidogo:
Umeagiza karameli halafu unalalamika umepewa karameli 😂 ngoja nikae pembeni nisome.

Barista_Mstaafu:
Mkuu, nimesimama nyuma ya mashine ya kahawa miaka minne, wapi sisemi, ila ngoja nikuambie kitu ambacho ubao wa bei haukuambii. Late ya moto ya Starbucks saizi ya grande ni mililita 473 na ina shoti mbili za espreso, yaani vipimo viwili vidogo vya kahawa kali. Venti ni mililita 591. Shoti ngapi? Mbili vilevile. Yaani ile hela unayoongeza ili upate kikombe kikubwa umenunua maziwa, na sirapu nayo inapanda kutoka pampu 4 kwenda 5. Kahawa haijaongezeka hata tone, sasa usingizi uende wapi?

Venti ya barafu ndo tofauti, hiyo wanaweka shoti 3. Na americano, yaani espreso na maji ya moto, shoti zinapanda pamoja na kikombe, tall (kidogo kuliko grande) 2, grande 3, venti 4. Kwa hiyo wewe chukua late ndogo uongeze shoti moja, na sirapu mwambie pampu moja tu, hakuna atakayekushangaa, pale kaunta tulikuwa tunasikia makubwa zaidi ya hayo. Usibadilishe brandi kabla hujabadilisha oda.

Msafiri_Usingizi:
Dah. Miaka yote hiyo nabeba ndoo ya maziwa na najiona mnywaji wa kahawa. Asante mkuu, nimeumia ila asante.

Robusta_Damuni:
Barista kasema kweli lakini ladha nayo haifanani jamani. Starbucks wanatumia arabika tupu, aina ya buni yenye ladha laini, ila wanaikaanga mpaka inakuwa nyeusi, na hiyo tabia wameirithi, maana walioanzisha lile duka Seattle mwaka 1971 walifundwa na Alfred Peet, yule mwenye duka la kahawa la Peet's, na mwanzoni hata buni walikuwa wananunua kwake, na mzee hakuwa mtu wa kuogopa moto. Faida yake ni kwamba kikombe cha leo na cha mwakani hutavitofautisha, hasara yake ukinywa bila maziwa unasikia moto kuliko buni. Wasiopenda uchungu wakaletewa Blonde, buni iliyokaangwa kidogo, mwaka 2012, na mimi naona ndo kitu bora kwenye menyu yao, watu wanakipita tu.

Costa walianza mwaka huohuo 1971, London, ndugu wawili Waitaliano, na wao wanachanganya arabika na robusta, aina nyingine ya buni. Robusta ina kafeini karibu mara mbili ya arabika na ina uzito fulani mdomoni ambao maziwa hayauzimi kirahisi. Kwa mtu wa late kama wewe nampa Costa, sifikirii mara mbili.

Kijiko_Kidogo:
Robusta_Damuni kumpigia debe robusta, nani angetegemea.

Mama_Hesabu:
Mimi naongelea hela. Starbucks na Costa wako juu, Dunkin', Tim Hortons na McCafé kwa kawaida wako chini yao, na sio kwamba kahawa yao ni takataka, ila wamejengwa kwa mtu anayechukua na kuondoka, wale wengine sehemu ya bei ni kiti, meza na wifi. Sasa kijana unayekimbilia ndege kiti unakilipia cha nini?

Halafu kwenye eapoti kuwa makini, maduka mengi pale yanaendeshwa na kampuni nyingine kwa leseni, bei inakuwa imechangamka na ofa za kwenye apu wakati mwingine hazikubaliki, ndo maana hizo pointi zako hazikui. Uliza kabla hujalipa. Na beba kikombe chako, Starbucks sehemu nyingi wanakupunguzia kidogo.

Msafiri_Usingizi:
Mama shikamoo, hilo la leseni sikulijua kabisa. Na Tim Hortons vipi kwa waliowahi kunywa?

Mzalendo_wa_Filta:
Tim Hortons nenda kwa kahawa ya kawaida ya filta, ile ya kuchuja, na ikiwekwa krimu mbili sukari mbili wenyewe wanaita double double. Usiende kutafuta espreso ya kukutoa machozi. Dunkin' hivohivo, filta yao ni nyepesi na inanyweka haraka.

Kinywa_Kichungu:
Nyie mnalinganisha viatu vya dukani wakati fundi yupo. Australia walishazoea kahawa ya vijiduka vyao, Starbucks waliingia mwaka 2000 na mwaka 2008 wakafunga maduka 61 kati ya 84. Tafuta kijiduka kinachokaanga buni chenyewe, achana na hawa.

Barista_Mstaafu:
Australia hiyohiyo ndo McCafé ilipozaliwa bosi, Melbourne 1993 😄 Halafu mtu yuko geti namba 40 ana dakika kumi unamwambia akatafute kijiduka?

Msafiri, fanya hivi. Safari yako ijayo nunua espreso moja kwa mmoja na moja kwa mwingine, bila sukari bila kitu, iache ipoe kidogo halafu onja. Kahawa ya moto sana inaficha makosa mengi. Ile ambayo ikipoa bado unaitaka, huyo ndo wako.

Msafiri_Usingizi:
Wakuu nimerudi. Jaribio nimefanya, Costa na Starbucks siku moja, mikono ilikuwa inatetemeka mpaka saa nane usiku. Ya Costa ikipoa inabaki nzito nzito hivi, nimeipenda. Ya Starbucks ile ya kawaida ilinishinda kuimaliza, ila nikaomba Blonde na hapo kidogo nikachanganyikiwa. Late ndogo na shoti ya ziada imenigharimu chini kidogo ya ile ndoo yangu ya zamani na nilikuwa macho safari nzima, jirani yangu kwenye siti ndo alikoma.

Nimebaki na Costa, na kule wasipokuwepo nakunywa Blonde. Apu tatu nimefuta.

Kijiko_Kidogo:
Na karameli je?

Msafiri_Usingizi:
Pampu moja. Usiniulize tena.