Uko mbele kwa tatu, sekunde zinakwisha: ucheze faulo au ulinde?

KOCHA WA PEMBENI
Wadau, nimeirudia fainali ya mpira wa kikapu ya vyuo vya Marekani ya 2019, Virginia na Texas Tech kule Minneapolis, na hasira imenipanda upya. Texas Tech wako mbele 68-65, zimebaki sekunde 22 hivi. Chuo chao hakijawahi kutwaa ubingwa huu. Ty Jerome wa Virginia anapenya na mpira, ulinzi unamkimbilia ndani, anautoa kona. De'Andre Hunter, mwenzake, yuko peke yake. Pointi tatu! 68-68. Muda wa nyongeza Virginia wanamaliza kazi, 85-77.

Swali langu ni hili tu: kwa nini hakuna aliyemchezea Jerome faulo mapema? Ukimpeleka kwenye mstari wa mitupo huru anarusha miwili. Hata akifunga yote, bado unaongoza kwa moja na mpira ni wako. Ukimwacha acheze, umempa nafasi ya kitu pekee kinachoweza kukusawazishia kwa mkupuo mmoja. Kwangu mimi kocha Chris Beard aliutoa ubingwa kwa mikono yake. Na wala hakukutana na miamba. Virginia walifika fainali kwa kubebwa na marefa, Auburn waliotolewa nao nusu fainali wanajua.

PETE YA 2019
Umeandika vizuri mpaka sentensi ya mwisho, ukaharibu. Kubebwa na nani? Kyle Guy wa Virginia alikuwa hewani kwenye kona, mtu wa Auburn akamwingilia mwilini, filimbi ikalia, saa inasoma sekunde 0.6. Timu iko nyuma 62-60. Kijana akafunga mitupo huru mitatu mfululizo mbele ya uwanja mzima unaomzomea. 63-62. Refa hakurusha hata mmoja kati ya ile mitatu. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.

JICHO LA FILIMBI
Pete, faulo ya Guy haina shida. Samir Doughty wa Auburn aliingia kwenye nafasi ya mrushaji, ile ni faulo dakika ya kwanza na ni faulo sekunde ya mwisho. Kinachowauma Auburn ni kilichotokea sekunde chache kabla. Jerome alidunda mpira, ukamgonga mguuni, akaudaka kwa mikono miwili, kisha akaanza kudunda tena. Kudunda mara mbili. Mwanafunzi wa shule ya msingi anaijua hiyo. Mpira ulitakiwa uwe wa Auburn na mchezo uishe pale pale. Marefa wote watatu wakapitwa, na kanuni hairuhusu kurudi kwenye video kwa kosa la aina hiyo.

PETE YA 2019
Na mbona hausemi kwamba muda uleule beki wa Auburn alikuwa amemshika Jerome jezi kwa nyuma? Tazama mkanda wote, usitazame kipande kinachokufaa.

JICHO LA FILIMBI
Nimeutazama wote. Kushikwa jezi, ikiwa kulikuwepo, hakufuti kudunda mara mbili. Makosa mawili yaliyopitwa hayageuki kuwa uamuzi mmoja sahihi.

DADA RIBAUNDI
Ndugu zangu, mtu ameuliza swali zuri nanyi mmehamia nusu fainali. Ngoja nilirudishe, maana jibu limo ndani ya mashindano hayohayo. Robo fainali, Louisville, Virginia na Purdue. Purdue wanaongoza 70-67, hazijafika sekunde sita. Wakafanya hilohilo analolitaka Kocha wa Pembeni: wakamchezea Jerome faulo. Akafunga wa kwanza, akakosa wa pili. Mamadi Diakite akaruka akaugonga mpira kwa mkono, ukarudi nyuma hadi nusu ya pili ya uwanja. Kihei Clark, mtoto mdogo wa mwaka wa kwanza, akaukimbilia, akainua kichwa, akampigia Diakite pasi ndefu. Diakite akarusha, king'ora kikalia mpira ukiwa njiani. 70-70. Muda wa nyongeza Virginia wakashinda 80-75.

Kwa hiyo Purdue walicheza faulo wakatolewa. Texas Tech hawakucheza faulo wakatolewa. Timu ileile, ndani ya siku kumi. Hapo utamlaumuje Beard kwa uhakika wote huo?

KOCHA WA PEMBENI
Dada, ile ya Purdue ni bahati. Huwezi kujenga hoja juu ya bahati. Mpira umegongwa ovyo, umeangukia kwa mtu, mtu kapiga pasi gizani. Rudia mara mia haitokei.

SIMBA WA UBAO
Hapo umenigusa, na leo tutaongea. Ovyo? Gizani? Diakite ametoka Conakry, Guinea, amefika Virginia kijana asiyejua lugha yao vizuri, akakaa benchi mwaka mzima wa kwanza akijifunza, na siku ya siku, katikati ya miili mirefu, akapata kidole cha kwanza kwenye ule mpira. Halafu hakusimama kuangalia unakwenda wapi! Alibaki eneo la kikapu, akageuka, akanyoosha mikono, akapokea na kurusha kwa mwendo mmoja. Kila Mwafrika akifunga mnasema bahati. Mzungu akifunga mnasema moyo wa chuma. Semeni basi kwamba Guy naye alibahatisha mitatu.

KOCHA WA PEMBENI
Sijataja rangi ya mtu. Usinilishe maneno.

SIMBA WA UBAO
Hukutaja, ila umechagua. Mipira mitatu iliyookoa timu ile: wa Diakite, wa Guy, wa Hunter. Uliouita bahati ni mmoja tu. Tusome tena ulichoandika.

LUBBOCK MPAKA MWISHO
Mimi ni Texas Tech damu na nimenyamaza vya kutosha. Mnazungumza kama vile fainali iliishia kwenye kona ya Hunter. Muda wa nyongeza tulikuwa mbele 73-70! Hunter akafunga tatu nyingine, ikawa 75-73 yao. Imebaki dakika moja na sekunde chache, mpira unatoka nje, refa anaonyesha ni wetu. Wetu. Wakaenda kwenye video, wakapunguza mwendo picha baada ya picha, wakakuta umepita kwenye ncha ya kidole kidogo cha Davide Moretti. Wakatupokonya. Mpira umepigwa na mkono wa Virginia, kila mtu uwanjani ameona, lakini mguso wa mwisho ulikuwa wa kidole chetu. Toka mchezo huu uanze, mpira wa namna ile unapewa timu iliyopigwa mkono. Siku ya fainali ndiyo wakaamua kufuata herufi.

JICHO LA FILIMBI
Uamuzi ulikuwa sahihi, ndugu yangu. Wa mwisho kuugusa ni Moretti.

LUBBOCK MPAKA MWISHO
Sahihi kwa mashine. Mbona mashine haikuitwa kwa Jerome na Auburn? Kanuni inayoona kidole na haioni mikono miwili ina tatizo, na wewe unaitetea tu kwa sababu umeisoma.

JICHO LA FILIMBI
Ninaitetea kwa sababu bila hiyo hakuna mchezo. Ukiacha kila refa ahukumu kwa mazoea, utalia zaidi ya unavyolia sasa.

MKONGWE WA 2008
Vijana, haya yote yameshatokea. San Antonio, 2008, Memphis na Kansas. Memphis wanaongoza kwa tatu, sekunde zinayoyoma, Mario Chalmers wa Kansas akafunga tatu zikiwa zimebaki sekunde mbili na kidogo. Muda wa nyongeza Kansas 75, Memphis 68. Kansas walikuwa nyuma kwa tano hivi dakika za mwisho wakarudi. Kocha wa Memphis, John Calipari, alilaumiwa miaka na miaka kwa kutocheza faulo.

DADA RIBAUNDI
Mzee wangu, shikamoo. Walikuwa nyuma kwa tisa, na zilibaki dakika mbili na sekunde chache. Na Memphis walitaka kucheza faulo. Derrick Rose wao alimgonga Sherron Collins wa Kansas pale katikati akitafuta filimbi, haikulia. Collins akajikwaa, akamwachia Chalmers. Hilo ndilo ninalotaka Kocha wa Pembeni alione. Kusema "chezeni faulo" ni rahisi ukiwa umekaa. Uwanjani refa anajua mchezo umefika ukingoni na anasita kupuliza. Ukimgonga taratibu, hapulizi. Ukimgonga sana, anaita faulo ya makusudi, anawapa mitupo miwili na mpira juu yake. Ukichelewa kidogo, mjanja anainua mikono kama anarusha, unampa mitupo mitatu.

MKONGWE WA 2008
Marahaba binti yangu. Mimi ninachosema ni kwamba Memphis walikosa mitupo huru dakika za mwisho, Rose na Chris Douglas-Roberts wote wawili. Ubingwa ulipotelea kwenye mstari kabla Chalmers hajaugusa mpira.

PETE YA 2019
Asante mzee kwa kutaja mstari! Fainali ya Virginia, muda wa nyongeza, walirusha mitupo huru 12 wakafunga 12. Walifunga pointi 17 dakika zile tano, 12 kati ya hizo zimetoka mstarini. Timu inayobebwa hairushi hivyo. Na hii ni timu iliyopigwa mwaka mmoja kabla na chuo cha UMBC, 74-54, timu iliyopangwa namba moja kufungwa na iliyopangwa namba 16 kwa mara ya kwanza upande wa wanaume. Walichekwa nchi nzima.

KOCHA WA PEMBENI
Umeitaja mwenyewe. Timu iliyofungwa na UMBC kwa pointi 20 mnataka tuiite miamba.

PETE YA 2019
Hunter hakucheza siku ile. Alikuwa amevunjika kifundo cha mkono. Huyohuyo Hunter aliyefunga 27 kwenye fainali. Wewe kama ulianza kuangalia vyuo juzi, uliza kabla ya kuandika.

KOCHA WA PEMBENI
Nimetazama mpira huu tangu enzi za saa ya kurusha ya sekunde 35, kwa hiyo tuheshimiane. Mchezaji mmoja haondoi aibu ya pointi 20. Na wala sijasema Virginia hawajui mpira. Nimesema walibebwa na wanachosha. Ulinzi wa kujikusanya ndani, wanapiga pasi mpaka saa inakaribia sifuri, mtazamaji anasinzia.

SIMBA WA UBAO
Sasa umehama tena. Ulianza na faulo, ukaenda kubebwa, ukaenda bahati, sasa kuchosha. Ulinzi ule aliuasisi Dick Bennett, mwanawe Tony, aliyekuwa kocha wa Virginia, akaurithi akauchukulia ubingwa. Na fainali unayosema inasinzisha ina pointi 162. Fainali ya Carsen Edwards wa Purdue dhidi yao kule Louisville, kijana kafunga 42, mitupo ya pointi tatu kumi, na bado wakamshinda. Hiyo inasinzisha nani?

DADA RIBAUNDI
Ile ilikuwa robo fainali, Simba. Lakini 42 ni kweli, na sijui mtu anawezaje kutazama Edwards siku ile akasinzia.

LUBBOCK MPAKA MWISHO
Mnajadili Virginia kana kwamba walicheza peke yao. Sisi ndio tulikuwa na ulinzi bora, tuliwatoa Michigan State nusu fainali 61-51. Tulikuwa nyuma kwa 10 kipindi cha pili cha fainali tukarudi tukaongoza. Norense Odiase ndiye aliyefunga mitupo miwili iliyotupa 68-65. Hakuna anayemtaja! Kijana mzito, mtu wa kazi chafu, amesimama mstarini zimebaki sekunde 22, akafunga yote. Hilo nalo mngelijadili.

MKONGWE WA 2008
Kijana wangu, Jarrett Culver alipata 5 kati ya mitupo 22. Nyota wenu akirusha hivyo mtamsingizia kidole cha Moretti mpaka lini?

LUBBOCK MPAKA MWISHO
Culver alikuwa analindwa na Hunter usiku kucha, mtu mrefu mwenye mikono mirefu. Alibeba timu ile mashindano mazima. Huwezi kumtathmini kwa usiku mmoja. Na bado angemaliza mchezo kwenye ule mpira wa mwisho wa muda wa kawaida kama Braxton Key wa Virginia asingemzuia.

KOCHA WA PEMBENI
Sasa hapo ndipo ninapopataka. Sekunde 22 si sita. Dada ametupa mfano wa Purdue, lakini Purdue walicheza faulo zikiwa zimebaki chini ya sita. Tech walikuwa na muda mrefu, na mimi bado nasema walitakiwa wamguse Jerome alipovuka nusu ya uwanja.

DADA RIBAUNDI
Huo muda mrefu ndio unaokuangusha, kaka. Ukicheza faulo zikiwa 20, wao wanafunga miwili, kisha wanakuchezea faulo wewe. Odiase au mwenzake anarudi mstarini. Akikosa mmoja, umewapa nafasi ya kushinda kabisa, wala si kusawazisha. Beard alichagua kulinda, na kwa sekunde zile nampa haki. Kosa lililowamaliza ni dogo zaidi: ukiongoza kwa tatu, Jerome akipenya mwache afunge mbili zake. Hakuna sababu ya mtu wa kona kuondoka kwa Hunter hata hatua moja. Unaweza kufungwa mbili ukabaki bingwa.

LUBBOCK MPAKA MWISHO
Hapo Dada nakubaliana na wewe kwa uchungu. Kwa miezi mitano vijana wale walifundishwa kukimbilia ndani kusaidia kila mpira unapopenya. Ndicho kilichotufikisha Minneapolis. Unawaambiaje waache kwa mchezo mmoja tu wa mwisho?

DADA RIBAUNDI
Unawaambia wanapotoka kwenye mitupo ya Odiase. Saa imesimama, neno moja linatosha.

PETE YA 2019
Na Hunter angekuwa amelindwa, Jerome angempa Guy. Mnamjua Guy. Mnajua alichowafanya Auburn.

JICHO LA FILIMBI
Baada ya kudunda mara mbili.

PETE YA 2019
Baada ya kushikwa jezi! Nikiweka picha hapa utasema nini?

JICHO LA FILIMBI
Iweke.